Somo: Kuandika insha juu ya kukua kwa Yusuf katika Peponi

Somo hili ni la wanaosoma Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis (2022) ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise (1994). Insha nyingi huharibikia mahali pamoja: mwanafunzi hufuata umri na safari, akasahau deni. Yusuf, mhusika mkuu, hakuajiriwa. Baba yake anadaiwa na tajiri Aziz, na Yusuf akiwa na miaka 12 anatolewa rehani. Basi kila ukurasa jiulize: hapa yuko chini ya nani, na anaijua hali yake kwa kiasi gani?

1. Soma mara mbili. Mara ya kwanza weka kalamu kando. Mara ya pili chora jedwali la safu tatu: anachofanyiwa, anachoelewa, anachotenda kwa hiari yake. Riwaya ina sura sita. Tenga karatasi moja kwa kila sura. Safu ya tatu itakaa tupu muda mrefu. Usiijaze kwa nguvu, maana utupu huo ni hoja yako.

2. Tafuta wanaomfundisha. Khalil, kijana anayeuza duka la Aziz, ndiye wa kwanza: anamfundisha kazi ya duka, anamwambia Aziz si ami yake, amwite Seyyid. Ndipo Yusuf anapoanza kuelewa kwamba hakuja kutembea. Wa pili ni Mzee Hamdani, mtunza bustani. Aliwahi kupewa uhuru na bibi aliyemmiliki akaukataa, akihoji nani aliyemwambia bibi huyo kwamba uhuru ni wake wa kugawa. Kaa hapa, andika aya nzima. Wengi hupita mbio wakidhani mzee ameridhika na utumwa, kumbe ndiye anayeuliza swali zito kuliko wote.

3. Fuata taswira moja hadi mwisho. Mimi napendekeza mbwa. Siku za mwanzo Yusuf analala barazani nje ya duka, mbwa wanamjia gizani, anaogopa sana. Mwishoni anawaona tena, wakila kinyesi kilichoachwa na askari wa Wajerumani, na safari hii anajiona mwenyewe ndani yao. Mbwa ni walewale; kijana ndiye aliyebadilika.

4. Safari ya bara, hadi kwa mtawala aitwaye Chatu, itoshe aya moja. Onyesha hofu, maradhi na mali iliyoporwa, kisha rudi kwenye deni.

5. Kwa insha ya maneno 800: utangulizi 80, aya nne za 150 hivi, zinazobaki ziwe hitimisho. Kila aya nukuu moja fupi, isizidi mistari miwili, na maelezo yako yawe marefu kuliko nukuu. Ukikuta aya ina "kisha… halafu… baadaye", unahadithia. Ivunje uiandike upya.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Mbale: Mwalimu, wanafunzi wangu wengi ni Wakristo. Kisa cha Zulekha, mke wa Aziz aliyemtamani Yusuf, niwaelekeze kwenye Mwanzo 39?

Jibu: Anza na Kurani, sura ya 12, aya 25 hadi 28. Katika Mwanzo, vazi linabaki mkononi mwa mwanamke. Katika Kurani, kanzu imechanwa kwa nyuma, na hilo linathibitisha kwamba kijana alikuwa akikimbia. Shati la Yusuf wa riwaya nalo limechanwa nyuma. Kisha waonyeshe tofauti: Nabii Yusuf anakabidhiwa hazina za Misri, huyu hapewi chochote.

Mwanachama, Kampala: Naweza kumlinganisha Yusuf na Toundi, mhusika wa riwaya ya Ferdinand Oyono, Houseboy?

Jibu: Ndiyo, ila linganisha sauti kwanza. Toundi anaandika shajara, tunamsikia mwenyewe. Yusuf anasimuliwa na mwingine, na mara nyingi yuko kimya. Tena Toundi alimkimbia baba yake. Yusuf alitolewa na wake.

Mwanachama, Mbarara: Mwishoni anawakimbilia askari. Amekomaa au ameshindwa?

Jibu: Usichague upande kabla ya kusoma sentensi za mwisho polepole. Anasikia nyuma yake sauti kama ya milango ya bustani ikikomewa, anageuka mara moja, kisha anakimbia huku macho yanamchoma. Hapo safu ya tatu ya jedwali inapata tendo lake kubwa kuliko yote, na tendo hilo linampeleka kwa bwana mwingine. Andika yote mawili, na utetee lipi lina uzito kwa ushahidi wa sura zilizotangulia.