Daktari wa Mombasa, kabla hujabeba mahema kwenda Kinango soma hii kwanza

Hapa Mombasa watu wenye roho nzuri hatujakosa. Misikiti, makanisa, makampuni, vyuo, kila mmoja kwa wakati wake anapanga kambi ya matibabu ya bure huko mashambani, Kinango na Samburu huko Kwale, Ganze, Bamba na Magarini huko Kilifi, na nia ni safi kabisa, mimi na nia sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na ile jioni. Mahema yashafungwa, magari yashaondoka, na yule mama aliyeambiwa presha yake iko 170 amebaki na vidonge vya wiki mbili kwenye bahasha ndogo, na pale kijijini hakuna hata mtu mmoja anayejua kuwa huyu mama ana presha. Wiki ya tatu inakuwaje?

Kwa hivyo haya ni ya mtaalamu, awe wa macho, wa kina mama, wa upasuaji, wa meno, klinikal ofisa, mfamasia, yeyote anayetoka mjini kwenda kusaidia na anataka kazi yake iendelee hata yeye akiwa ashalala kwake Nyali.

Anza na inchaji wa dispensari

Kabla ya chifu, kabla ya bango, kabla hujaprinti tisheti (hizo tisheti tutazizungumza), tafuta inchaji, yani msimamizi, wa dispensari ya pale. Mara nyingi ni nesi, na ndo huyo huyo anayezalisha, anayechanja watoto, anayejaza rejista na anayegongewa mlango usiku wa manane. Mtembelee mapema, ukae naye, umuulize watu wanakuja na shida gani, dawa gani inakatika, na wale anaowapa rufaa wanafika hospitali ama wanarudi nyumbani kungoja Mungu. Muombe akuonyeshe rejista ya wagonjwa wa nje, ile MOH 204, na akufungulie stoo uangalie bin kadi, zile kadi za kuandika dawa iliyoingia na iliyotoka. Hapo utajua mambo ambayo hakuna mkutano wa Mombasa utakaokwambia. Ukiona amlodipini, dawa ya presha, haijaingia kwa muda mrefu basi usiende kuwaanzishia watu hamsini amlodipini, yani utakuwa umewapa ugonjwa wenye jina na dawa isiyopatikana.

Na barua. Afya iligatuliwa tangu 2013 kwa hivyo ruhusa ya kaunti ya Mombasa ukishavuka kuingia Kwale ama Kilifi ni karatasi tu, yataka uandikie idara ya afya ya kaunti unayoenda na ofisa wa afya wa sub-kaunti, mapema sio wiki moja kabla. Kila mtu kwenye timu awe na leseni yake ya mwaka huo mkononi. Kama kuna daktari mgeni kutoka nje ya nchi anahitaji leseni ya muda ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari, na usije ukaniambia ni rafiki tu amekuja kutembea, akishashika mgonjwa si mtalii tena.

CHP ndo macho yako

Wale wahudumu wa afya wa vijijini waliokuwa wakiitwa CHV sasa ni CHP, na tangu mpango wao uzinduliwe upya Septemba 2023 wamepewa mikoba yenye mashine ya presha, ya sukari, mizani, tepu ya kupima mkono wa mtoto na simu yenye programu ya kuingiza taarifa. Huyu mtu ana orodha ya nyumba zake. Anajua nani amezaa juzi, nani kalala kitandani tangu Ramadhani, nani ameacha kunywa dawa. Sasa wewe ukitangaza kambi kwa spika ya gari watakuja wenye nguvu ya kutembea, vijana wenye kuumwa na mgongo na watu wa madukani, wale ulioendea hawatoki. Mpe CHP kazi ya kuchagua, mwambie daktari wa macho anakuja, nitafutie wazee wasioona vizuri, wa upasuaji anakuja, nitafutie wenye mshipa, yani ngiri na busha, na wenye uvimbe, na akija nao waje na karatasi ya rufaa ya jamii, MOH 100, ili majibu yarudi kwake.

Halafu mlipe nauli na chakula, na umwambie kiasi siku ya kwanza, sio kumzungusha mpaka saa kumi na mbili jioni ndo aambiwe fedha zimeisha. Hilo laharibu kambi ya mwaka ujao.

Kwenye mshipa hapo ngoja niongeze neno. Matende na mabusha bado yako Pwani hii yetu, na mwanamume mwenye busha anaweza kukaa nalo miaka kumi chini ya kikoi na asimwambie mtu. Hatapanga foleni ya wazi kati ya wakwe zake. Mtengeeni chumba ndani ya dispensari, na mlango wa nyuma kama upo, mwanamume ndiye amuandikishe, na upasuaji wenyewe usifanyike darasani kwenye madawati jamani, mpangieni tarehe theatre ya hospitali ya Kinango ama Msambweni, daktari wa mjini aende kufanya operesheni pale pamoja na daktari wa pale. Hivo hata siku haupo kuna mtu ameshaona inavyofanywa.

Siku yenyewe

Chagua siku kwa akili. Masika, Aprili mpaka Juni, barabara za ndani zinakatika na watu wako shambani. Ijumaa sehemu za Wadigo malizeni kabla ya swala ama msiende. Siku ya soko ni nzuri kwa sababu watu wanatoka tu, ila wanaondoka mapema kuwahi magari.

Presha ndo kitu kinapimwa vibaya kuliko vyote kwenye makambi, na ni kitu rahisi. Mama ametembea tangu alfajiri, mtoto mgongoni, jua la Kinango wajua lilivyo, anafika anakalishwa kwenye benchi lisilo na mgongo, kafu, kile kitambaa cha mashine ya presha, inafungwa juu ya mkono wa gauni, na huku anaulizwa maswali ya kujiandikisha. Itasoma juu tu, hata yangu ingesoma juu. Muwekee kiti chenye mgongo, kivulini, atulie dakika tano, nyayo zote mbili chini, mkono wazi uwe juu ya meza usawa wa moyo, asizungumzishwe, na kama ana haja ndogo aende kwanza. Pima mara mbili. Wazee wengi kule mikono yao ni myembamba, kafu kubwa itakudanganya iko chini, kwa hivyo beba saizi tofauti. Ikiwa ni 140 kwa 90 na kupanda usimuanzishie dawa hapo hapo, CHP ampime tena siku nyingine nyumbani kwake ametulia, mashine anayo. Ila ikifika 180 kwa 110 huyo si wa kungoja, daktari amuone siku hiyo hiyo.

Watoto wa miezi 6 hadi 59, tepu ya mkono iwe mlangoni kabisa. Chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, huyo asipange foleni. Na kichocho, kwa Kwale usisahau, mtoto anayeogelea mabwawani ukimuuliza kama anakojoa damu anaweza kukuona wewe ndo mshamba, kwake ni jambo la kawaida wenzake wote wako hivo. Prazikuanteli isinywewe na njaa, kwa hivyo uji kwanza, na uji wapikishe kina mama wa pale kwa malipo, achaneni na keki za kubeba kutoka mjini.

Lugha nayo. Bibi wa Kiduruma anaelewa Kiswahili cha salamu na bei, lakini akitaka kukueleza kutokwa na uchafu ukeni ama mkojo unaomtoka wenyewe tangu alipozaa mtoto wa mwisho atataka lugha yake na atataka mwanamke. Usimtumie mjukuu wa kiume kutafsiri, atasema tu kichwa chaniuma, utampa panadol, na nyote mtadhani mmefanya kazi.

Mkitoa damu elezeni mapema barazani inatolewa kiasi gani, kijiko kimoja cha chai ama viwili, inaenda wapi na majibu yanarudi lini. Uvumi wa watu kunyonywa damu huku Pwani una miaka mingi sana na kucheka hakuuondoi.

Picha. Najua mfadhili anataka picha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa ni nyeti, na mgonjwa kukubali kutibiwa si kukubali kuwekwa Facebook na jicho lake limevimba. Pigeni picha ya hema, ya timu, ya gari likikwama, hizo zatosha.

Dawa na takataka

Fupi tu hapa. Msibebe masalio ya makabati. Shirika la Afya Duniani linasema dawa za msaada zinazotumwa nchini zinapofika ziwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kuharibika, shikeni hiyo hiyo. Bebeni zile ambazo dispensari inazitumia, kwa majina yale yale, kisha zinazobaki ziingie kwenye stoo kwa maandishi, mfamasia na inchaji watie sahihi. Chanjo na vyote vya baridi ni digrii 2 mpaka 8, boksi la barafu la soda si friji. Sindano kwenye sefti boksi, ikifika robo tatu ifungwe, na mrudi nazo kama pale hakuna pa kuchomea. Nimeshaona sindano zimeachwa kwenye shimo nyuma ya shule, watoto wanazichezea udaktari.

Meza ya SHA msiidharau

Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya serikali ya NHIF ilipotoka SHA ikaingia, kuna watu wengi mashambani hawajajiandikisha ama wamejiandikisha na hawajui kinachofuata. Wekeni kijana mmoja mwenye simu yenye chaji na meza yake, *147#, kitambulisho, basi. Waelezwe wazi kuwa huduma za dispensari na kituo cha afya hazilipiwi ukishajiandikisha, lakini kulazwa na operesheni hospitali yataka mchango uwe umelipwa, na kwa asiye na mshahara ni wa mwaka mzima kwa pamoja, kiwango cha chini 300 kwa mwezi, yani 3,600. Kwa mtu wa kuchoma makaa hiyo ni hela, usiitaje kama nauli ya matatu. Wale mliowapa tarehe ya operesheni ndo wa kwanza kusaidiwa hapa, la sivyo rufaa uliyoandika kwa kalamu nzuri itaishia kuwashia jiko.

Na rufaa isiwe jina la hospitali tu. Andika aende lini, amuone nani, abebe nini. Kumwambia mtu wa Ndavaya, ndani kabisa Kinango, "nenda Makadara", yani hospitali kuu ya Pwani hapa Mombasa, ni sawa na kumwambia aende Dubai, atashukia wapi, alale wapi, amuulize nani dirishani. CHP awe na namba ya mtu mmoja hospitalini anayepokea simu, na nauli ya wale wachache kabisa iwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Kinachobaki

Saa zile za kuona wagonjwa, inchaji asiwekwe kwenye mlango kuita majina. Akae kiti cha pembeni yako. Ukimuona mtoto anakohoa muhesabu pumzi pamoja dakika nzima, muonyeshe kifua kinavyoingia ndani, ukisikiliza moyo mpe naye asikilize, afadhali uone wagonjwa arobaini na yeye pembeni kuliko mia mbili peke yako. Najua arobaini haipendezi kwenye ripoti.

Kila mgonjwa wa muda mrefu, presha, sukari, kifafa, selimundu, aingizwe kwenye rejista ya dispensari siku hiyo hiyo kabla hamjaondoka, sio kwenye laptop yenu. Fungueni grupu ndogo ya WhatsApp, inchaji, CHP na madaktari wawili watatu walioahidi kujibu, picha ya kidonda ipite bila sura na bila jina. Ndogo nasema. Mkiwa themanini humo itajaa salamu za Ijumaa na hakuna atakayejibu kidonda.

Na bajeti. Chukueni ya mahema, jenereta, spika na zile tisheti, mkae chini mpige hesabu ni safari ngapi za gari moja dogo kutoka Mombasa kupitia Mariakani. Kwa dispensari nyingi kinachohitajika ni daktari mmoja wa presha na sukari kila baada ya miezi mitatu, yule yule, siku inayojulikana, na wa macho mara mbili kwa mwaka. Inchaji ataita wagonjwa wake kutoka kwenye rejista, CHP watawakumbusha siku moja kabla, wewe utafika saa mbili asubuhi na stethoskopu yako na kafu mbili, meza na pazia wanavyo. Kama hilo pia hamliwezi mwaka huu, mpigieni inchaji simu mumuulize stoo inakosa nini.