Somo: Kumtazama kweche akiposa kwenye mpunga

Kweche wa pwani ni ndege mdogo, sentimita 10 hivi. Msimu wa mvua dume huvaa nyekundu utosini mpaka mgongoni, tumbo jeusi tii.

Hatua ya 1. Subiri masika yakolee na nyasi zipande. Kabla ya hapo dume ni kahawia kama jike, hutamjua.

Hatua ya 2. Fika saa moja asubuhi, umande haujakauka. Piga hodi kwa mwenye shamba, na kama kuna dungu la kuamia ndege omba upande. Ukipewa kopo la kupiga, piga. Hukai pale bure.

Hatua ya 3. Hapa wengi hukosea, darubini huku na huku. Chagua dume mmoja utulie naye nusu saa. Ana himaya yake, atarudi kwenye bua lile lile. Jike akipita, dume hujitutumua manyoya mpaka anakuwa duara, shingo imemezwa. Kisha huruka polepole, mbawa zikivuma kama dondora, utadhani kaa la moto linaelea juu ya mpunga. Na jike? Anadonoa zake kana kwamba hajaona kitu. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu juu ya dungu.

Hatua ya 4. Viota tafuta kwa macho, si kwa mikono. Dume husuka kwa nyasi mbichi, mlango ubavuni karibu na juu. Jike akikubali, kutandika ndani, kuatamia na kulisha ni juu yake. Bwana yuko bua la pili, anasuka cha mke mwingine.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kiangazi naona makundi ya kahawia tu. Wekundu wanahamia wapi?*
Hawajahama, dada. Wamo humo humo kundini, wamebadili manyoya.

*Wangu ana utosi mwekundu lakini mbawa nyeusi, tena mkubwa kidogo. Ni mzee?*
Hapana, huyo ni kweche wa aina nyingine. Wa somo letu mbawa zake ni kahawia. Ukikuta mwenye paji jeusi, huyo ni wa tatu.

*Si ndio hawa wanaotumalizia mpunga? Mnawasifia nini?*
Wanakula, kaka, sibishi. Ndiyo maana nikasema ukipewa kopo, piga.