Mwanza kwa anayerudi likizo: angalia mwezi kabla ya kukata tiketi

Kwenye maduka makubwa ya Ujerumani anaitwa Viktoriabarsch. Uholanzi ni victoriabaars. Amelala juu ya barafu, hana mwiba, hana ngozi wala kichwa, na watoto wetu waliozaliwa huko wanamla kwa limau bila kujua kwamba huyo ni sangara, na kwamba huenda alikatwa minofu kwenye kiwanda kisichofika hata nusu saa ya daladala kutoka kwa bibi yao. Kichwa na mgongo havikupanda ndege. Vimebaki Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, vinaitwa mapanki, na kuna watu wanavikaanga na kusomesha watoto.

Nilipowapeleka wanangu kwa mara ya kwanza nilitaka waone nusu hiyo ya samaki iliyobaki. Nimeifunga safari hiyo mara tatu sasa kutokea Ulaya na kila mara nimekosea kitu. Haya ndiyo ningependa mtu angeniambia mapema.

Tarehe

Wengi hupanga likizo kwa kufuata bei ya tiketi. Fungua kwanza kalenda ya mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa usiku wa giza: wavuvi huwasha taa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola, dagaa wanaufuata mwanga na wavu unawazunguka. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina kazi. Mitumbwi inapumzika ufukweni, wavuvi wanashona nyavu, na sokoni unauziwa dagaa wa akiba kwa bei iliyopanda. Mimi safari ya kwanza niliangukia humo humo, mwezi mpevu, nikawa nawaelezea watoto kitu ambacho hakipo. Ukifika siku za giza, panda kilima chochote baada ya chakula cha jioni. Ziwa linageuka mji wa pili, taa zimejipanga hadi macho yanapokoma. Kwa macho yangu hakuna kivutio cha kulipia kinachofikia hapo.

Kwa hali ya hewa, Juni hadi Septemba ni kiangazi, na bahati nzuri ndiyo likizo ya shule za Ulaya na Marekani. Masika ya Machi hadi Mei hufanya njia za milimani kuwa tope. Ukiweza kuwahi Juni kuna jambo la ziada Bujora, nitalifikia.

Upande wa karatasi: Tanzania haina uraia pacha. Ukiwa umeshachukua pasi ya Uingereza unaingia kama Mwingereza, hata kama kitovu chako kimezikwa Magu, na viza huombwa mtandaoni kabla ya kusafiri. Wenye pasi ya Marekani hulipa dola 100, mataifa mengine mengi dola 50. Mkenya na Mganda mwenye pasi ya kwao hahitaji viza, na kwenye hifadhi za taifa analipa kiingilio cha Afrika Mashariki, ambacho ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni. Kwa hiyo kwenye familia yenye pasi mchanganyiko, hesabu kiingilio mtu kwa mtu. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019. Iondoe kwenye begi kabla ya kuruka.

Ndege nyingi kutoka nje zitakufikisha Dar, Kilimanjaro au Nairobi, halafu unaunganisha. Kutoka Dar ni kama saa moja na nusu angani. Jihadhari na uzito: tiketi ya ndani mara nyingi inaruhusu mzigo mdogo kuliko ile ya kimataifa, na mabegi mawili yaliyopita bure Frankfurt yatalipiwa Dar. Keti dirishani. Ndege inaposhuka utaona mawe, mawe makubwa yaliyobebana kana kwamba mtu alikuwa anayapanga akaitwa kula, na nyumba zimejipenyeza katikati yake hadi juu kabisa.

Kufika na kukaa

Hapa nitasema neno ambalo shangazi zangu hawatalipenda. Lala hotelini, angalau siku tatu za kwanza. Ukifikia nyumbani hutatembea. Utakaa sebuleni ukipokea wageni, na jiji utaliona kupitia dirisha la gari la binamu. Waambie wenyeji wako siku ya kuja kusalimia, fika na mchele na sukari, kaa kutwa nzima, kisha rudi zako mjini. Capri Point ni kwa anayetaka utulivu na upepo wa ziwa. Katikati ya mji ni kelele, lakini kila kitu unakifikia kwa miguu.

Bei siku hizi zinapaswa kutajwa kwa shilingi. Kanuni iliyotoka Machi 2025 inazuia huduma na bidhaa za ndani kulipiwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo anayekutajia dola kwa chumba au teksi mwombe akugeuzie. Sajili laini ya simu mara tu unapofika, kwa pasi na alama za vidole, uweke pesa kwenye simu. Muuza samaki ana lipa namba. Chenji ya noti kubwa saa moja asubuhi hana.

Na hiyo saa moja asubuhi ni saa yetu. Wanao waliokulia nje watasikia "kivuko kinaondoka saa tatu" wakaweka kengele ya usiku wa manane. Wangu walifanya hivyo, wakaniamsha na mimi.

Samaki, kwa mpangilio wa siku

Asubuhi nenda Mwaloni, Kirumba. Ndilo soko kubwa la samaki wakavu, na wanunuzi hufika kutoka Kongo, Burundi na Kenya. Magunia ya dagaa yamepangwa kama kuta, kuna kayabo, yaani sangara aliyetiwa chumvi akakaushwa, na harufu ambayo dakika tano za kwanza itawafanya watoto washike pua, baadaye hawaisikii tena. Vaa viatu vya kufunika vidole. Salimia kabla ya kuuliza bei: asubuhi "mwangaluka", mchana na jioni "mwadila", na kwa mama mtu mzima ongeza "mayu". Ukimaliza, "wabeja". Kisukuma chako kikiishia hapo watacheka, lakini bei nayo italegea kidogo. Usipige picha za watu bila kuomba; wapo kazini.

Dagaa hupimwa kwa sado, kopo la kupimia la sokoni. Kabla ya kununua, chukua wachache, watafune. Waliokaushwa juu ya mchanga hukwaruza meno hata uwaoshe mara tatu. Wa kwenye chanja ni safi, wanang'aa kama fedha, na bei yao iko juu kidogo. Lipa hiyo tofauti.

Mchana ni zamu ya sato, yaani tilapia. Watu wa nje huagiza sangara kwa sababu ndiye wanayemjua, na si kosa, supu ya kichwa chake yenye ndimu na pilipili inafufua msafiri. Lakini wenyeji wakitaka kula kwa raha wanaagiza sato. Ana miiba, anadai subira, na nyama yake ina utamu ambao minofu ya barafuni haina. Omba kumwona kabla hajaingia kwenye mafuta: jicho liwe angavu, matamvua mekundu. Uliza pia kama ni wa ziwani au wa kwenye vizimba. Ufugaji umekuwa mwingi, hauna ubaya, ila ladha si ile ile. Kukaanga samaki mzima kunachukua muda, basi agiza kwanza ndipo utembee. Njaa isikupeleke kwenye chipsi mayai.

Ugali usikubali wa sembe tu. Ulizia wa muhogo, ule wa udaga, mweusi kidogo, unaonyumbuka na wenye uchachu wa mbali. Sokoni tafuta michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa vibichi, na matobolwa, vilivyochemshwa kwanza ndipo vikaanikwa. Matobolwa yanatafunwa hivi hivi na chai, wanangu waliyaita pipi za bibi. Ukibahatika na msimu, machungwa ya Ukerewe, na senene wanaoletwa kutoka upande wa Bukoba.

Jambo moja waeleze watoto wakiwa mezani. Sangara si mwenyeji. Aliletwa ziwani miaka ya 1950, na alipozaliana vya kutosha akawamaliza furu, visamaki vidogo vilivyokuwa na mamia ya aina. Nyingi hazikuonekana tena. Viwanda, mapanki, ndege za mizigo, yote yalimfuata yeye. Binti yangu aliuliza basi kwa nini tunamla. Nikamjibu kwamba kumla ndilo tunaloweza.

Kutembea

Mwamba wa Bismarck uko karibu na kivuko cha Kamanga, dakika kumi zinatosha, jioni jua linapozama. Kisiwa cha Saanane kinastahili nusu siku. Kilikuwa bustani ya wanyama tangu 1964, kikawa hifadhi ya taifa mwaka 2013, ndogo kuliko zote nchini, na boti kutoka Capri Point haizidi robo saa. Usitarajie Serengeti. Kuna swala, pimbi, ndege, na juu ya mawe mijusi yenye kichwa cha waridi na mwili wa buluu ambayo wanasayansi wameipa jina la mji, Agama mwanzae. Mtoto wa miaka saba hataki zaidi ya hapo.

Bujora, pale Kisesa kwenye barabara ya Musoma, kama kilomita 20 kutoka mjini, ndiyo makumbusho ya Wasukuma, iliyoanzishwa na Padre David Clement kutoka Kanada. Kuna ngoma za watemi, nyumba ya asili, vifaa vya waganga. Mwambie mwongozaji azungumze Kiswahili, maelezo yanakuwa marefu na ya kuchekesha zaidi. Mwezi Juni, baada ya sikukuu ya Ekaristi, kuna Bulabo: Wagika na Wagalu, makundi mawili ya wacheza ngoma wa Kisukuma, wanashindana kucheza, kila upande na dawa zake, na mshindi ni aliyevuta watu wengi. Wengine hucheza na nyoka. Simama nyuma.

Kama familia yako ilipoteza mtu kwenye MV Bukoba, meli iliyozama 21 Mei 1996, makaburi yapo Igoma. Nenda asubuhi, kabla ya joto.

Ukiwa na siku za ziada, kivuko cha Nansio, Ukerewe, ni mwendo wa saa tatu au zaidi. Omba jaketi la kuokolea mapema, usione aibu. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa 19 Juni 2025, lina kilomita tatu, na foleni ya kivuko iliyokuwa inakula nusu siku ya kwenda Sengerema na Geita imekwisha. Geti la Ndabaka la Serengeti linafikika kwa gari asubuhi ukirudi jioni, lakini utachoka.

Maji

Usiogelee ufukweni, hata maji yakionekana masafi, hata binamu wote wakiwa ndani. Kichocho, yaani bilhazia, kipo. Dada yangu alirudi Ulaya mzima, wiki sita baadaye akawa na homa, kikohozi na tumbo, na daktari wa kwanza akamtibu mafua. Ukiugua baada ya kurudi, mwambie daktari wazi kwamba uliingia Ziwa Victoria, na taja bilhazia kwa jina. Vipimo vya damu huonyesha vizuri zaidi kama miezi mitatu baada ya kuogelea, na dawa yake ipo. Malaria nayo, chandarua kila usiku na dawa za kinga kwa watoto waliozaliwa nje. Wao si wewe wa miaka ile.

Kurudi na dagaa

Umoja wa Ulaya unakataa nyama na maziwa kutoka nje, lakini samaki unaruhusiwa hadi kilo 20 kwa mtu kwa matumizi yako, na dagaa wakavu wanaingia humo. Marekani, tangaza kila chakula ulichobeba. Nunua dagaa siku ya mwisho, waanike jua la mchana mmoja zaidi, kisha wafunge kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana, ndoo ndani ya begi, nguo za kazini kwenye begi lingine kabisa. Mimi niliweka pamoja. Koti langu la baridi lilinuka Kirumba hadi Februari, na kwenye treni Mkongo mmoja aliketi karibu yangu, akavuta pumzi, akaniuliza nimenunua wapi.