Rozari ya uzi: namna ya kuitengeneza na watoto nyumbani

Wiki iliyopita mama mmoja wa jumuiya yetu hapa Moshi alibisha hodi saa mbili usiku, mkononi kashika mfuko wa shanga. Shule zimefungwa, mwanawe anasoma mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, akaona watengeneze rozari, zile shanga za kuhesabia sala, pamoja badala ya kununua. Alikuwa amekwama palepale nilipowahi kukwama mimi.

Vifaa

Shanga 59: ndogo 53 za Salamu Maria, kubwa 6 za Baba Yetu. Msalaba mdogo wenye kitundu. Uzi mita moja na nusu. Ule uzi wa mpira unaovutika achana nao, na mshipi wa kuvulia samaki fundo lake huteleza. Mimi natumia uzi wa nta wa mafundi viatu. Shanga ziwe za mbao. Za plastiki sizipendi, basi tu.

Kuhesabu

Panga vifuniko vitano vya chupa za maji, mtoto aweke shanga ndogo kumi kila kimoja. Tatu zinazobaki ni za mkia. Mara ya kwanza nilifanya bila vifuniko, fungu moja likawa na 11. Niligundua jumuiyani: wenzangu wako kwenye Atukuzwe, sala ya kufunga fungu, mimi bado nasalimia.

Mkia

Anza na huu hata kama utautunga mwisho. Mkia ni ile sehemu inayoning'inia: kubwa moja, ndogo tatu, kubwa moja, halafu msalaba. Kwenye duara unapita uzi mmoja. Kwenye mkia, kama huna ile medali ya katikati yenye matundu matatu, ncha zote mbili za uzi zinapita pamoja ndani ya shanga zilezile. Hilo sikuambiwa na mtu. Nilikwisha tunga shanga zote 54 za duara, nikafunga, nikafika mkiani: ncha ya kwanza inapita, ya pili inagoma. Nikaichonga kwa wembe, nikaipaka nta ya mshumaa, nikaisukuma kwa sindano ya magunia hadi shanga ikapasuka. Saa sita usiku nikafumua kila kitu.

Kwa hiyo kunja uzi mara mbili, ujaribu shanga moja moja mpaka upate tano zinazopitisha: ndogo tatu, kubwa mbili. Shanga za mbao za mfuko mmoja matundu yake hayalingani, zinazogoma zipeleke kwenye duara. Zikigoma zote, usipanue tundu kwa msumari wa moto. Tafuta uzi mwembamba zaidi. Usiwe mwembamba mno lakini, maana fundo litapenya ndani ya shanga. Kipimo changu: nyuzi mbili zipite kwa kuvutwa kidogo, fundo la uzi mmoja lisipite. Vidole vya mtoto vikishindwa, kunja waya mwembamba, tia ncha zote mbili kwenye kunjo, vuta.

Duara

Kumi, kubwa, kumi, kubwa, mpaka mafungu matano. Kubwa zinakuwa nne. Piga fundo kila upande wa shanga kubwa, na kila fungu liwe na nafasi ya upana wa kidole ili shanga zitembee. Kila kifuniko kikiisha, mtoto ataje tendo la siku, yaani tukio la Yesu na Maria linalotafakariwa: Furaha Jumatatu na Jumamosi, Uchungu Jumanne na Ijumaa, Utukufu Jumatano na Jumapili, Mwanga Alhamisi. Haya ya Mwanga yaliongezwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 2002, na bibi mmoja wa Kibosho huyaruka mpaka leo.

Kufunga

Unganisha ncha kwa fundo, tunga mkia, pitisha kwenye msalaba, mafundo matatu, tone la gundi. Jumapili padri aibariki baada ya Misa.

Yule mama alipita jana kunionyesha. Katikati ya shanga nyeusi ipo moja ya kijani, mtoto amekataa katakata isitolewe.