Namna ya Kumbuni Tajiri Asiyeaminika kwa Mchezo wa Traveller

Katika Traveller, mchezo wa kuigiza wahusika wa safari za anga uliobuniwa na Marc Miller na kuchapishwa Marekani mwaka 1977, wachezaji mara nyingi hupata kazi kwa tajiri wanayekutana naye bandarini, yaani mwajiri mwenye fedha na shida asiyotaka ijulikane. Waendesha mchezo wengi, yaani wasimulizi wanaowaigiza wahusika wasio wa wachezaji, humbuni kwa kuanzia sura: humpa kovu shavuni na sauti ya kunong'ona, na wachezaji humshuku kabla hajaeleza shida yake. Ni afadhali kuanza kwa kujiuliza kwa nini mtu huyu hawezi kuifanya kazi yake kwa njia ya halali.

Chukua karani wa forodha anayetaka masanduku sita ya dawa yafikishwe sayari ya jirani. Meli ya abiria ingeyabeba kwa bei nafuu, lakini mizigo yake hukaguliwa, na karani huyu ndiye aliyetia saini hati inayosema kuwa masanduku hayo yaliteketezwa. Mengine yote yanatokana na saini hiyo: analipa taslimu, hataki risiti, anasisitiza meli iondoke kabla zamu haijabadilishwa, na kwa hofu aliyonayo anakubali kila sharti haraka mno. Kovu halihitajiki tena.

Malipo yapimwe kwa deni la wachezaji. Kwa kanuni za awali, meli ya mkopo hulipiwa kila mwezi sehemu moja ya 240 ya bei yake, kwa miezi 480. Meli ndogo ya biashara ya tani 200, yenye bei ya krediti 37,080,000, hudai rejesho la 154,500 kabla ya mafuta na mishahara. Tajiri akitoa nusu ya rejesho, wachezaji watapatana naye bei. Akitoa marejesho matatu kwa safari moja, watajua kuna jambo, na bado watakwenda ikiwa benki imeanza kuwaandama.

Mazingira ya mchezo nayo yanamsaidia mwongo. Kuruka kutoka mfumo mmoja wa nyota hadi mwingine huchukua takriban wiki moja, na hakuna ujumbe unaoitangulia meli, kwa hiyo anayetaka kuthibitisha barua ya utambulisho iliyoandikwa kwenye mfumo mwingine atasubiri jibu zaidi ya wiki mbili.

Kitabu cha nyongeza cha mwaka 1980, 76 Patrons, kilimpa mwendesha mchezo kweli kadhaa chini ya ombi moja, achague kwa kurusha dadu. Mbinu hiyo bado inafaa: huenda dawa ni za wizi, huenda zimeharibika, au huenda forodha wamekwisha kumnasa karani na sasa wanamtumia kama chambo. Ila dadu irushwe kabla ya mazungumzo ya kwanza, ili dalili zilingane na ukweli. Lakiri mpya kwenye sanduku kuukuu inatosha kwa mchezaji mwenye macho.

Usimfanye kila tajiri msaliti, kwa sababu wakishasalitiwa mara tatu mfululizo wachezaji watakataa kila kazi. Karani anaweza kulipa hadi senti ya mwisho, kisha akarudi na mzigo mkubwa zaidi, na safari hiyo wachezaji ndio watakaopanga bei, kwa kuwa siri ya ile hati wanayo wao.