Kwenye teminali zoea kitufe cha Tab

Wadau wa Kigoma mliowekewa mfumo wa Linux kwenye laptop za zamani, msiiogope teminali, ile skrini nyeusi ya kuandikia amri. Ugumu wake ni kwamba haikuonyeshi kitu cha kubonyeza, lazima ukumbuke amri mwenyewe, na hapo ndo wengi wanakata tamaa siku ya kwanza, mi naona wana haki kabisa. Ila usiandike kila kitu kwa mkono. Andika herufi mbili tatu za jina la faili halafu bonyeza Tab, inamalizia yenyewe, ikikwama bonyeza mara mbili itakuonyesha majina yote yanayoanza hivyo.

Hii inasaidia sana kwenye majina yenye nafasi. Juzi hapa Mwanga kijana wa steshenari alitaka kufuta faili linaitwa bei za mawese, akaandika rm (amri ya kufuta) halafu bei za mawese, kumbe kompyuta inasoma hayo ni mafaili matatu tofauti, na kwa bahati mbaya lilikuwepo lingine jina lake "bei" tu, likaondoka hilo, la mawese likabaki palepale. Na rm haipeleki kitu kwenye kapu la taka, ikifuta imefuta. Angebonyeza Tab mara mbili angeyaona majina yote mawili, na Tab ikimalizia jina inaziwekea nafasi alama yenyewe, ili kompyuta isome ni jina moja. Au andika rm -i, inakuuliza kwanza kabla haijafuta.

Amri uliyoshaandika usiirudie upya, bonyeza mshale wa juu inarudi. Programu imegoma kuisha? Ctrl na C kwa pamoja.