Somo: Kugeuza PDF kuwa faili la Word unaloweza kulihariri

Habari zenu wakuu. Makatibu wa vikundi wamekuwa wakiniuliza jambo moja. Katiba ya kikundi ipo kwenye PDF, faili la Word alilochapia katibu wa zamani halijulikani liliko, na mkutano mkuu umeshapitisha marekebisho. Wengi huishia kuipeleka stesheneri ichapwe upya ukurasa kwa ukurasa. Kazi hiyo unaweza kuifanya mwenyewe bila gharama, ila kabla ya kuchagua programu ujue kwanza ni PDF ya aina gani uliyonayo.

Adobe walitoa PDF mwaka 1993 ili waraka uonekane vilevile kwenye kila kompyuta na kila printa. Ndani ya faili kunaandikwa herufi ipi ikae sehemu gani ya ukurasa. Aya ilipoanzia na ilipoishia, mara nyingi hakuna taarifa yoyote. Kwa hiyo kila programu ya kugeuza hukisia, na ndiyo maana matokeo hutofautiana.

Hatua ya kwanza: pima faili

Fungua PDF, jaribu kuchagua neno moja kwa kipanya. Neno likikubali kuchaguliwa peke yake, una PDF yenye maandishi. Ukurasa mzima ukichaguliwa kama picha, au kisichaguliwe kitu, hiyo ni karatasi iliyoskaniwa. Kompyuta haioni herufi pale, inaona picha tu. Jaribu kurasa kadhaa, maana katiba nyingi zina maandishi ndani na ukurasa wa saini na mihuri ulioskaniwa mwishoni.

Hatua ya pili, kwa PDF yenye maandishi

Kama una Word ya 2013 au mpya zaidi, huhitaji programu nyingine. Bofya File, kisha Open, chagua PDF yako. Utapata ujumbe kwamba Word itaigeuza iweze kuhaririwa; kubali. PDF ya asili haiguswi. Hifadhi kilichotoka kama docx.

LibreOffice ni ya bure, lakini kwa kawaida hufungua PDF ndani ya Draw, programu yake ya kuchora, na kila mstari hukaa kwenye kisanduku chake. Kwa kurekebisha tarehe au jina moja inafaa sana. Kwa kuongeza kifungu kizima itakuchosha.

Ukitaka maneno matupu bila mapambo, tumia pdftotext, iliyomo kwenye kifurushi cha programu kiitwacho Poppler. Haina vitufe, unaiandikia amri kwenye dirisha la amri (terminal):

pdftotext -layout katiba.pdf katiba.txt

Mimi napenda njia hii kwa nyaraka ndefu. Unapanga upya vichwa na namba mwenyewe, na huachiwi visanduku vilivyojificha. Tatizo lake ni kwamba kila mstari unakatika pale ulipokatika kwenye karatasi. Ukiwa Word, bonyeza Ctrl+H. Kama kati ya aya kuna mstari mtupu, badilisha kwanza ^p^p iwe ##, halafu ^p iwe nafasi moja, mwisho ## irudi kuwa ^p. Aya zitaungana zenyewe.

Hatua ya tatu, kwa karatasi iliyoskaniwa

Hapa unahitaji programu ya kutambua herufi kwenye picha, yaani OCR. Njia nyepesi ni Google Drive: pandisha faili, bofya kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Open with, kisha Google Docs. Google wanashauri faili lisizidi MB 2, kwa hiyo katiba ndefu igawe vipande. Majedwali na tanbihi usitegemee vitoke salama.

Njia ninayoiamini zaidi ni Tesseract. Ilianzia maabara za Hewlett-Packard miaka ya 1980, ikawekwa huru kwa umma mwaka 2005, na inasoma Kiswahili: alama ya lugha yetu ni swa. Ukitumia Ubuntu (mfumo wa Linux), OCRmyPDF hukurahisishia kuitumia kwa PDF:

sudo apt install ocrmypdf tesseract-ocr-swa
ocrmypdf -l swa+eng --deskew --sidecar katiba.txt katiba.pdf katiba-mpya.pdf

Nimeweka swa+eng kwa sababu katiba zetu huchanganya Kiswahili na maneno ya Kiingereza. Sehemu ya --deskew hunyoosha kurasa zilizopinda, na --sidecar inakupa maandishi matupu kwenye faili la pembeni. Kwa Windows, gImageReader inaendesha Tesseract hiyohiyo kwa vitufe. Hakikisha umeongeza Kiswahili kwenye lugha zake.

Ikiwa karatasi bado unayo, iskani upya kwa dpi 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi. Skani hafifu ndiyo inayoharibu kazi kuliko programu unayochagua.

Hatua ya nne: kuhakiki

Hapa naomba tusiharakishe. Kiswahili kinaweza kukanusha kwa herufi moja tu mwanzoni mwa neno. "Mwanachama aliyejiondoa hatarudishiwa hisa zake" ikipoteza h, inakuwa "atarudishiwa", na kikundi kimejifunga kulipa fedha kisichokusudia kulipa. Kikagua tahajia hakitasema kitu, kwa kuwa maneno yote mawili ni sahihi. Hatari ni kubwa neno linapokuwa mwanzo wa mstari na ukingo wa kushoto ulikatwa na skana. Tafuta kila "ata", "wata" na "uta", ulinganishe na karatasi.

Makosa mengine ya kawaida: rn kusomwa m, au m kusomwa rn, sifuri kuwa O kwenye viwango vya faini, namba 1 kuwa l, alama ya ng' kupotea, "kung'atuka" ikawa "kung atuka". Maneno yaliyokatwa mwisho wa mstari, kama "kuwasi-lisha", nayo uyaunganishe.

Kagua pia namba za vifungu. Word hupenda kuzigeuza orodha inayojihesabu yenyewe. Ukifuta kifungu cha 6, cha 9 kinakuwa cha 8, lakini sentensi inayosema "kama ilivyoelezwa katika kifungu cha 9" inabaki vilevile. Mwishowe kaeni wawili: mmoja asome karatasi ya zamani kwa sauti, mwingine afuatilie kwenye faili jipya, pamoja na namba na alama.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, asante kwa somo. Mimi sina kompyuta, natumia simu tu. Nifanyeje?

Jibu: Karibu sana. Kwa kurasa chache, piga picha mchana kwenye mwanga mzuri, ifungue kwa Google Lens, chagua maandishi, nakili na ubandike kwenye Google Docs. Kwa katiba nzima utachoka. Azima kompyuta siku moja.

Swali: Jedwali letu la michango limegeuka mchanganyiko, majina upande wake na fedha upande wake.

Jibu: Jedwali usilipitishe Word. Kama PDF ina maandishi, tumia Tabula, ni ya bure: unazungushia jedwali mstari, linatoka kama CSV (jedwali la maandishi matupu), unalifungua kwa Excel. Tabula haisomi zilizoskaniwa. Hizo zipitishe OCR kwanza. Kisha jumlisha kila safuwima ulinganishe na jumla ya kwenye karatasi.

Swali: Kaka, yangu inachagulika vizuri, lakini nikibandika vinatoka vialama visivyosomeka. Virusi?

Jibu: Hapana dada, si virusi. Fonti iliyomo kwenye faili haina taarifa ya kueleza mchoro upi ni herufi ipi. Macho yanasoma, kompyuta haiwezi. Ichukulie kama picha: tumia amri ile ya ocrmypdf ukiongeza --force-ocr.

Swali: Kuna tovuti za kugeuza bure, unapandisha tu. Kwa nini hukuzitaja?

Jibu: Kwa tangazo la mnada au ratiba, zitumie. Orodha ya wanachama yenye namba za NIDA, simu na akiba zao ni jambo lingine, maana unaikabidhi kwa mtu usiyemjua, na waliokuamini hawakuulizwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Kenya ina yake ya 2019. Hata Google Drive unapeleka faili nje ya mashine yako. Nyaraka za namna hiyo nazigeuzia kwenye kompyuta yangu, intaneti ikiwa imezimwa.

Swali: Muhtasari wetu wa vikao vya zamani umeandikwa kwa mkono. Tesseract itausoma?

Jibu: Haitausoma vya kutosha, imefundishwa herufi za chapa. Jaribu ukurasa mmoja kwa Google Docs au Lens. Ukiona unasahihisha zaidi ya nusu ya maneno, chapa mwenyewe, itakuwa haraka zaidi.

Swali: PDF yetu inafunguka lakini inakataa kunakili. Aliyeifunga ni katibu aliyehama.

Jibu: Mpigieni simu awape nywila. Asipopatikana, chapisheni kwenye karatasi kama inaruhusu, skanini kwa dpi 300, kisha fuateni hatua ya tatu. Katiba ni mali ya kikundi, ila uamuzi huo uandikwe kwenye muhtasari wa kamati kabla hamjaanza.